Dhahabu na Fedha kwa Kujikinga na Kuanguka kwa Uchumi: Hukmu Zake na Yaliyoonekana Arusha

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu. Swalah na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'd.

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea maswali kutoka kwa familia za Unguja na Pemba, hasa zile zenye watoto na ndugu wanaofanya biashara Arusha, kuhusu wito unaosambazwa katika simu. Wito huo unasema uchumi wa dunia unakaribia kuanguka, noti zitabaki karatasi tupu, na Muislamu mwenye akili auze alicho nacho anunue dhahabu na fedha. Wapo waliouliza kama wauze shamba la mikarafuu la urithi. Wapo kina mama waliouliza kuhusu waume zao wanaowataka bangili zao ili mali yote iwekwe pamoja. Na wapo waliouliza kuhusu dhahabu ambayo vijana wetu wanauziwa mitaani Arusha kwa bei ya chini kuliko ya sonara. Mas-ala haya yanagusa riziki, ndoa na mirathi, kwa hiyo tumeona tuyakusanye mahala pamoja.

Jibu kwa ufupi ni hili: kumiliki dhahabu na fedha kwa ajili ya akiba ni halali, na kuna faida ndani yake. Lakini akiba hiyo ina haki zake za Kishari'ah ambazo wanaoieneza hawazitaji, na haiwi mbadala wa chakula, ardhi, kazi na kulipa madeni. Anayeuza shamba kwa khofu ili anunue vipande vya dhahabu, mara nyingi anabadilisha kinga iliyo imara kwa iliyo dhaifu zaidi. Ufafanuzi unafuata.

MAANA YA MANENO

Neno letu "fedha" limetokana na Kiarabu, fidhwa, yaani yale madini meupe. Kwa kuwa watu walilipana kwa madini hayo, jina likahamia kwenye pesa zote. Wazee wetu visiwani walihesabu kwa riale, sarafu ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ambayo ndani yake mna gramu 23 na kidogo za fedha safi. Katika makala hii tukisema fedha tunakusudia madini. Noti na sarafu za leo tunaziita pesa.

Dinari ya Kishari'ah ni dhahabu yenye uzito wa gramu 4.25. Dirhamu ni fedha yenye uzito wa gramu 2.975. Vipimo hivi ndivyo vinavyotumika katika hesabu ya Zakaah, kama itakavyokuja.

KILICHO KWELI KATIKA KHOFU HII

Hatusemi kuwa wanaokhofu hawana sababu. Mji wa Arusha, ulio chini ya Mlima Meru, unatosha kuwa mfano kwetu, kwani mambo mengi ya pesa za nchi hii yamepitia hapo, na pesa tunazotumia visiwani ndizo hizo hizo.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966 na shilingi yetu ikatoka mwaka huo, badala ya shilingi ya pamoja ya Afrika Mashariki. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, ambaye baada ya utumishi alikaa Tengeru, chini ya Meru, akilima kahawa. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilikuwa dola 35 kwa bei rasmi ya dunia. Hiyo ni sawa na shilingi 250 kwa wakia, au takriban shilingi 8 kwa gramu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,500 na wakia ya dhahabu imepita dola 2,000. Gramu ile ya shilingi 8 ikawa inazidi shilingi 160,000. Aliyeweka noti tangu 1966 hakubaki na kitu. Aliyeweka dhahabu alibaki na mali.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata benki za watu binafsi zikataifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenye nyumba za kupangisha katika miji ya Bara wakazikosa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha, ikavunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Barabara ya Namanga, ambayo ndiyo njia ya biashara ya mji ule kwenda Nairobi, ikawa haina kazi kwa miaka hiyo. Kisha vikaja vita vya Uganda vya 1978 na 1979, uhaba wa bidhaa, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyekuwa mtu wa Monduli. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani kwa pigo kubwa, kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40.

Katika miaka ya karibuni pia yapo ya kuzingatia. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Jamii ya Meru. Bima ya amana wakati huo ilimlinda mwenye akaunti kwa shilingi milioni 1.5 tu. Novemba ya mwaka huo huo maduka mengi ya kubadilishia pesa za kigeni Arusha yakafungwa kwa siku moja, askari wakiwa milangoni. Na kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ziliondolewa katika mzunguko. Bibi aliyezishona ndani ya mto wa kitanda bila ya kumwambia mtu, zikapita siku hizo, ana karatasi.

Majirani nao wameonja. Mei 1987 Uganda ilibadilisha pesa zake, sifuri mbili zikaondolewa, na kila aliyebadilisha akakatwa asilimia 30. Kwa hiyo anayesema pesa za karatasi zinaweza kuliwa na wakati au kwa amri amesema kweli. Hata Benki Kuu yetu inanunua dhahabu kwa ajili ya akiba ya nchi, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa watenge angalau asilimia 20 waiuzie.

KISICHOSEMWA NA WANAOENEZA WITO HUU

Kwanza, dhahabu nayo hushuka. Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa takriban dola 250. Aliyenunua kileleni alisubiri mpaka mwanzoni mwa 2008 kuiona tena ile bei yake, na kwa miaka 28 hiyo kila kitu kingine kilikuwa kimepanda. Mwaka 2011 ilifika dola 1,900, na mwisho wa 2015 ikawa takriban 1,050. Oktoba 2025 ilipita 4,000. Anayenunua leo kwa sababu imepanda hana ahadi ya yeyote kwamba itaendelea kupanda.

Pili, fedha hushuka zaidi. Januari 1980 wakia ya fedha ilikaribia dola 50. Tarehe 27 Machi ya mwaka ule ule ilikuwa chini ya dola 11. Tena hapa kwetu masonara wengi hawana haja na vipande vya fedha, na aliyekuwa navyo huuza kwa bei atakayoambiwa.

Tatu, dhahabu nayo hutwaliwa. Marekani iliwakataza raia wake kumiliki dhahabu ya akiba tangu 1933 mpaka mwisho wa 1974. Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walipekuliwa vizuizini na wengi walivuliwa vito vyao njiani.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi: uchumi ulipobana kweli katika nchi hii, dhahabu siyo iliyokosekana. Kilichokosekana ni sabuni, sukari, mafuta ya taa, unga na dawa. Wazee wetu visiwani wanaikumbuka miaka ya foleni ya mchele. Mwenye bangili na asiye nayo walisimama foleni moja, kwa sababu dukani hamna kitu. Na wakati wa msako wa 1983, kukutwa na mali uliyoificha ilikuwa tuhuma yenyewe. Watu walitupa bidhaa zao usiku kwa khofu.

Chini ya Mlima Meru watu wa vijijini, Wameru na Waarusha, walikuwa na migomba, mahindi, maharage na ng'ombe wa maziwa. Bei ya kahawa ilipoanguka na maduka yalipokauka, kiamba kiliendelea kutoa ndizi. Mshahara wa mtumishi wa mjini ndio ulioyeyuka. Hatusemi kwamba ardhi haitikisiki: Wameru hao hao waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Hakuna mali isiyo na hatari yake. Ila mali inayolisha na mali inayohifadhi thamani ni vitu viwili, na familia inahitaji ya kwanza kabla ya pili.

MAFUNDISHO YA QUR-AAN NA SUNNAH KATIKA KUJIANDAA

Katika Suwrat Yuwsuf, Aayah ya 47 hadi ya 49, Allaah Ametuhadithia namna Nabii Yuwsuf ('alayhis-salaam) alivyoiandaa Misri kwa miaka saba ya dhiki. Aliwaamrisha walime kwa bidii, wapunguze ulaji, na nafaka waiache katika mashuke yake isiharibike. Misri ilikuwa na dhahabu nyingi, na maandalizi hayakuwa dhahabu.

Na imethibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim, kutoka kwa 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu), kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mali ya Baniy An-Nadhwiyr. Kwa hiyo kuweka mchele, unga na mafuta ya familia hakuingii katika ihtikaar iliyoharamishwa. Ihtikaar ni kuficha chakula wanachokihitaji watu ili kipande bei ndipo ukiuze.

Kuna Hadiyth inayosambazwa sana katika wito huu, inayosema utakuja wakati hapatomfaa mtu ila dinari na dirhamu. Imepokewa katika Musnad ya Imaam Ahmad, lakini ndani ya mlolongo wake yupo Abu Bakr bin Abiy Maryam, ambaye Wanavyuoni wa Hadiyth wamemdhoofisha. Haifai kujengewa hukmu wala kuwatia watu khofu wakauza nyumba. Na katika Hadiyth Swahiyh ya mto Furati kufichua dhahabu, Mtume alimkataza atakayekuwepo asichukue chochote, kwani watu watauana juu yake.

HUKMU ZA ZAKAAH

Hapa ndipo wengi wanapoghafilika. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, yaani gramu 85 za dhahabu safi. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, yaani gramu 595. Ukimiliki kiasi hicho na ukapita mwaka wa Kiislamu, unatoa moja kwa arobaini, yaani asilimia 2.5.

Dhahabu ya madukani haiwi safi yote. Zidisha uzito kwa karati, kisha gawa kwa 24. Mwenye gramu 100 za karati 21 ana gramu 87.5 safi, na nisabu imetimia. Mwenye gramu 100 za karati 18 ana gramu 75, na kwa dhahabu hiyo peke yake nisabu haijatimia.

Ama vito vya mwanamke, katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy ambayo ndiyo ya wengi visiwani, vito vya halali vinavyovaliwa havina Zakaah. Kwa Mahanafi vina Zakaah, na anayetoa kwa kuchukua tahadhari amefanya vizuri. Lakini zingatia: kwa Mashaafi'iy wenyewe, kito kilichokusudiwa kuwa hazina kina Zakaah hata kama ni bangili. Mwanamke aliyekuwa havalipii vito vyake, kisha akasema "hivi sasa ni akiba yangu ya siku uchumi utakapoanguka", niya imebadilika na hukmu imebadilika. Mwaka unaanza kuhesabiwa tangu siku ya niya hiyo. Mwenye gramu 120 safi za namna hiyo atatoa gramu 3 au thamani yake kwa bei ya siku ile, kila mwaka.

Allaah Ameonya katika Suwrat At-Tawbah, Aayah ya 34 na 35, adhabu ya wanaorundika dhahabu na fedha wasizitoe katika njia Yake. Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) ameeleza kwamba mali iliyotolewa Zakaah haiwi hazina inayokemewa, hata ikizikwa ardhini. Kwa hiyo kinachoifanya akiba yako kuwa ya usalama au ya moto ni hiyo Zakaah.

Wengi wa walioko Arusha huweka mali katika tanzanaiti ya Mererani. Vito vya mawe havina Zakaah isipokuwa vikiwa bidhaa ya biashara, hapo vitathaminiwa kila mwaka pamoja na mtaji. Lakini jiwe halina bei moja inayojulikana kama dhahabu, na asiye mjuzi asiliweke kuwa akiba ya watoto.

HUKMU ZA KUNUNUA NA KUUZA

Msingi ni Hadiyth ya 'Ubaadah bin Asw-Swaamit (Radhwiya Allaahu 'anhu) katika Swahiyh Muslim: dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na vikitofautiana vya jinsi mbili kama dhahabu na fedha, bei ni makubaliano lakini papo kwa papo. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha tatu, Amman, mwaka 1986, iliamua kwamba noti zina hukmu ya pesa kamili katika mambo ya ribaa na Zakaah. Kutokana na hayo:

1. Haijuzu kununua dhahabu kwa mkopo au kulipa kidogo kidogo huku mkataba wa kuuziana umeshafungwa. Ukitaka kudunduliza kwa sonara, pesa zako ziwe amana kwake tu. Zikitimia, ndipo mnauziana kwa bei ya siku hiyo, ukatoa na ukapokea.

2. Haijuzu kubadilisha bangili za zamani kwa mpya ukaongeza pesa juu. Uza za zamani, pokea pesa mkononi, kisha nunua mpya. Hivi ndivyo Mtume alivyoelekeza katika tende za Khaybar.

3. Dhahabu ya katika simu au akaunti haijuzu ikiwa ni tarakimu tu zisizo na dhahabu maalumu nyuma yake. Ikiwa ni kipande kilichoainishwa, kimetengwa kwa jina lako na unaweza kukichukua, baadhi ya Wanavyuoni wa zama hizi wanahesabu hiyo kuwa ni kupokea kwa hukmu. Asiyeweza kuhakikisha ajiepushe.

4. Kuweka dhahabu rahani ili ukopeshwe kwa riba ni haramu, hata jina la riba libadilishwe likaitwa ada.

5. Mwanamme anaruhusiwa kumiliki dhahabu, haruhusiwi kuivaa. Pete ya fedha anaruhusiwa. Vyombo vya kulia na kunywea vya dhahabu au fedha haviruhusiwi kutumika, na kwa kauli yenye nguvu kwa Mashaafi'iy haviruhusiwi hata kuwekwa. Anayetaka akiba ya fedha asinunue birika na vikombe.

DHAHABU YA MITAANI ARUSHA

Vijana wetu wanaokaa Arusha wanaambiwa ipo dhahabu mbichi kutoka machimboni, bei ya chini, kwa kuwa mwenyewe ana shida. Sheria ya Madini ya nchi hairuhusu kununua wala kuuza madini ghafi bila ya leseni, na tangu 2019 yamewekwa masoko ya madini kwa kazi hiyo. Asiye na leseni akinunua uchochoroni anajitia katika kosa la jinai, hana risiti, hana wa kumshitaki, na mara nyingi anachopewa ni shaba iliyopakwa rangi. Muislamu haruhusiwi kujidhuru wala kununua asichokijua. Bei ikiwa chini sana ya soko, jiulize kwa nini hakuipeleka sokoni.

Ukinunua kwa sonara, taka risiti yenye uzito, karati na bei ya gramu ya siku ile. Tazama alama: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22, na 999 ni dhahabu safi ya karati 24. Pima tena kwa sonara wa pili. Na ujue kwamba ujira wa kutengeneza hurejeshewi unapouza. Ikiwa kusudio ni akiba, kipande kisicho na nakshi kina hasara ndogo kuliko mkufu.

MALI YA MKE

Allaah Ameamrisha katika Suwrat An-Nisaa, Aayah ya 4, wanawake wapewe mahari yao, na mume aitumie tu ile waliyomwachia kwa ridhaa ya nafsi zao. Aayah ya 20 imekataza kurudisha chochote katika mlichowapa hata kama ni mrundo wa mali. Bangili alizokuja nazo mke, alizopewa na wazazi wake au na mumewe, ni zake. Mume kumwambia "lete tuweke pamoja, uchumi unaanguka" hakuzifanyi ziwe za mume. Akimpa kwa kuogopa kuachwa au kunyamaziwa ndani ya nyumba, hiyo si ridhaa. Mke akiamua kukopesha, iandikwe kwa gramu na karati, kama Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 282, ilivyoelekeza kuandika madeni, na irudishwe dhahabu ya uzito na karati ile ile.

DHAHABU ILIYOFICHWA NA MIRATHI

Mali iliyofichwa na mtu mmoja huzikwa naye. Tumeona familia zikigombana juu ya dhahabu ambayo kila mmoja anaamini mwenzake anajua ilipo. Katika Suwrat Al-Kahf, Aayah ya 82, Allaah Aliihifadhi hazina ya mayatima wawili chini ya ukuta kwa wema wa baba yao, na Akamtuma mja Wake kuusimamisha ukuta ule. Sisi tumeamrishwa kuchukua sababu. Andika uzito, karati, mahali ilipo na ni ya nani: yako, ya mkeo, au amana ya mtu. Washuhudishe watu wawili waaminifu. Mtume amehimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Kukodi sanduku la kuhifadhia kwa ada inayojulikana kunajuzu.

MPANGILIO TUNAOUNASIHI

Anayetaka kuikinga familia yake na siku ngumu afuate utaratibu huu.

Kwanza, alipe madeni, hasa yenye riba, kwani deni halisubiri bei ya dhahabu ipande. Wala asikope ili anunue dhahabu.

Pili, awe na chakula na mahitaji ya nyumba ya miezi kadhaa kwa uwezo wake, na pesa taslimu za matibabu na nauli.

Tatu, aimarishe kinachozalisha: shamba, mikarafuu, minazi, ng'ombe, chombo cha baharini, cherehani, na elimu ya watoto. Asiuze hivi wala asikatishe skuli ya mtoto kwa ajili ya kununua madini.

Nne, ziada ambayo hataihitaji kwa miaka, sehemu yake inaweza kuwa dhahabu, iliyonunuliwa kidogo kidogo na papo kwa papo, imeandikwa na inatolewa Zakaah. Fedha iwe kwa kiasi, kwa sababu ya ugumu wa kuiuza.

Tano, asiache kuunga udugu na kutoa sadaka. Ndugu aliye Arusha mwenye mahindi, na ndugu aliye Pemba mwenye mchele na samaki, kila mmoja ni akiba ya mwenzake. Mwaka ule duka linapokuwa tupu, huyo ndiye atakayegongewa mlango.

Ama yule aliyeuliza kuhusu shamba la mikarafuu la urithi: asiliuze kwa sababu ya wito huu. Na ajue kwamba ikiwa warithi wenzake hawajagaiwa haki zao, hana uwezo wa kuliuza lote peke yake hata kama angetaka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, katika Hadiyth ya Anas aliyoipokea Imaam Ahmad, kwamba hata Qiyaamah kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Aliye na shamba na alipalilie msimu huu.

Tunamuomba Allaah Aturuzuku mali ya halali, Atukinge na njaa na khofu, na Aijaalie mali yetu iwe msaada wa kumtii Yeye.

Na Allaah Anajua zaidi.